Kukagua chesisi ya pikapu iliyotumika: kutu, nyufa, na lini uachane nayo

Injini ikifa hununuliwa nyingine, geaboksi vilevile, na mlango uliopondeka hunyooshwa. Chesisi ikioza, gari limekwisha. Kebini, bodi, injini, springi na steringi vyote vimefungwa juu ya mihimili miwili mirefu ya chuma, na nambari ya chesisi iliyoandikwa kwenye kadi au logbuku imegongwa kwenye chuma hichohicho. Hata hivyo, wanunuzi wengi huifungua boneti, wakasikiliza injini, wakapiga mateke matairi, na hakuna anayelala chini. Mwongozo huu ni wa anayekubali kulala chini.

Kutu mbaya ya chesisi huanzia ndani na kutoka nje. Tope na maji hukaa ndani ya boksi (muhimili uliofungwa pande zote nne) au kati ya bamba mbili zilizopachikwa pamoja, chumvi hukaa humo, na chuma huliwa upande usioonekana. Utakapoona tundu kwa nje, eneo kubwa kulizunguka limeshabaki ngozi tu. Ndiyo maana rangi nyeusi inayong'aa chini ya gari la miaka kumi ni sababu ya kuongeza shaka.

Anza na asili ya gari

Kabla hujatoka nyumbani, jua gari limeishi wapi. Nchi zenye theluji humwaga chumvi barabarani, na gari lililokaa huko miaka mitano linaweza kuwa na chesisi mbaya kuliko lililokaa Dodoma miaka ishirini.

Kwa Hilux, kuna jambo la kukumbuka: Toyota iliacha kuiuza Japani mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017. Kwa hiyo ukiambiwa Hilux ya 2010 "imetoka Japani moja kwa moja", uliza maswali. Zilizopo za miaka hiyo ama ziliuzwa mpya hapa, ama zimetoka Thailand, Australia, Uingereza na kwingineko. Za Uingereza ndizo za kuogopa kutu. Bahati nzuri, ukiwa na namba ya usajili ya Kiingereza unaweza kusoma bure, kwenye tovuti ya serikali yao, historia ya ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT. Tafuta maneno "corroded" na "corrosion". Onyo la kutu lililorudiwa miaka mitatu mfululizo, kisha gari likauzwa nje, lina maana moja tu.

Kwa magari ya mnada wa Japani, iwe Dyna au pikapu ndogo, omba karatasi ya mnada. Kwenye mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Namba kubwa zaidi baada ya herufi ni hali mbaya zaidi. Maneno "shitamawari sabi" yakitokea kwenye maelezo, maana yake kuna kutu chini ya gari. Yaliyotoka Hokkaido, Tohoku na pwani ya magharibi ya Honshu yameona theluji na chumvi.

Gari la hapahapa nalo lina historia yake. Pikapu iliyobeba samaki Mombasa, Tanga au Zanzibar imenyeshewa maji ya barafu yenye chumvi kila siku, na maji hayo hushuka moja kwa moja kwenye chesisi nyuma ya kebini. Iliyobeba mchanga, mawe au tangi la maji haina kutu sana, ila ina nyufa.

Vifaa vya kwenda navyo

Tochi kali, nyundo ndogo ya gramu 250 hadi 300, bisibisi ndefu ya bapa, brashi ya waya, kioo kidogo chenye mpini, sumaku, chaki, kipande cha kitambaa, nusu lita ya mafuta ya taa, tepu ya kupimia na timazi. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu inafaa sana, kwa kuwa huingia kwenye matundu ya boksi. Gari lioshwe chini siku moja kabla. Muuzaji akikataa liguswe na maji, hilo nalo ni jibu. Tumia shimo la gereji au rampu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Hatua ya 1: tazama kwa mbali

Simama pembeni, hatua kumi hivi, gari likiwa tupu kwenye sakafu tambarare. Angalia mwanya kati ya kebini na bodi. Unatakiwa uwe sawa juu na chini, kushoto na kulia.

Mwanya ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mkia wa chesisi umeshuka: mzigo ulikuwa ukikaa nyuma ya ekseli, au gari lilivuta tela zito. Hapo nyufa zitafute kwenye bapa la juu la muhimili (uso wake wa juu ulio bapa), mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, kwa sababu ndilo lililokuwa likivutwa. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, chesisi imebonyea katikati, na nyufa huanzia bapa la chini. Nissan Navara ya toleo la D40, hasa za mwanzo zilizouzwa Uingereza kuanzia 2005, ilijulikana vibaya kwa hili: boksi lilioza kwa ndani nyuma ya kebini, na baadhi zilikatika vipande viwili. Ukipelekewa D40 iliyotoka Ulaya, anza ukaguzi hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Hakikisha tu kwamba raba za kebini hazijaoza, maana nazo huharibu mwanya na kukudanganya.

Hatua ya 2: pima mshazari

Chagua matundu mawili ya kiwandani mbele, kushoto na kulia, na mawili nyuma. Dondosha timazi kutoka kila tundu, weka alama ya chaki sakafuni, kisha sukuma gari pembeni. Pima mshazari wa kwanza (mbele kushoto hadi nyuma kulia) na wa pili (mbele kulia hadi nyuma kushoto). Ukizidiana kwa zaidi ya milimita 5, pima tena. Ukibaki hivyo, chesisi imejipinda, mara nyingi kwa ajali. Kazi hii huchukua dakika kumi na tano na huwa haina ubishi.

Hatua ya 3: gonga

Sasa ingia chini. Gonga chesisi kwa nyundo kila baada ya sentimita 5, kwa nguvu ya wastani, pande zote unazoweza kufikia. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kuziba, nyundo haidundi, na magamba huanguka. Pale sauti inapobadilika weka alama ya chaki, kisha sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikizama, hapo hakuna chuma.

Usigonge kwa haraka sehemu hizi:

- Hanga (kishikio kinachofunga springi kwenye chesisi) ya mbele ya springi ya nyuma, na sentimita 30 kila upande wake. Hapa tope hutupwa na tairi na kurundikana.
- Nundu ya chesisi inayopita juu ya ekseli ya nyuma, hasa bapa la chini na upande wa ndani.
- Mahali pa kufunga shakeli (kiungo kinachocheza kwenye ncha ya nyuma ya springi), nyuma kabisa.
- Chuma cha kukingama kinachobeba tairi la akiba.
- Juu ya tangi la mafuta. Hakuonekani bila kioo.
- Mahali chaneli (muhimili ulio wazi upande mmoja) inapogeuka kuwa boksi lililofungwa, na popote bamba mbili zimelaliana.
- Vishikio vya mikono ya chini ya sasipensheni ya mbele.
- Vishikio vya raba za kebini.

Ukaguzi wa Uingereza hutumia kipimo kizuri cha kuiga: kutu kubwa ndani ya sentimita 30 kutoka mahali springi, steringi au breki inapofungwa hulifanya gari lishindwe. Kutu ya aina hiyohiyo katikati ya muhimili, mbali na vishikio, haina uzito uleule.

Marekani nako kuna mfano. Toyota Tacoma nyingi zilioza chesisi kiasi kwamba mwaka 2008 kampuni ilianza kuzinunua upya zile za 1995 hadi 2000, na mwaka 2016 ikakubali mahakamani kushughulikia Tacoma za 2005 hadi 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za 2005 hadi 2008. Kipimo cha kubadilishiwa chesisi nzima kilikuwa tundu la kutu la milimita 10 au zaidi. Kwa maneno mengine, tundu la ukubwa wa kidole cha mwisho lilitosha kuhukumu chesisi yote. Fundi wa mtaani atakuambia "hii tunaziba tu".

Hatua ya 4: pitisha sumaku

Chesisi iliyopakwa rangi au lami nzito ipitishie sumaku kila sehemu iliyo laini kupita kiasi. Ikishika kwa ulegevu au isiposhika, chini kuna puti, faiba au lami tupu. Angalia pia ncha za matundu ya kiwandani: tundu la kiwandani lina ukingo safi wa duara. Likiwa limezibwa, kuna mtu aliyetaka usichungulie.

Hatua ya 5: tafuta nyufa

Ufa kwenye chesisi yenye vumbi hujionyesha kama mstari mwembamba wa kahawia, kwa sababu kingo zake zinasuguana na kutoa unga wa kutu. Kwenye rangi mpya huonekana kama unywele. Ukishuku, safisha kwa brashi hadi chuma king'ae, paka mafuta ya taa, subiri dakika 15, futa kwa kitambaa kikavu kabisa, kisha paka chaki iliyosagwa. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Kuna dawa za kopo zinazofanya kazi hii vizuri zaidi, ila chaki haijawahi kumwangusha fundi makini.

Nyufa huanzia kwenye pembe na mishono: kwenye ncha ya weldi ya zamani, kwenye tundu lililotobolewa bapani kufungia bodi, chini ya yubolti iliyokazwa mno, kwenye riveti zilizolegea, na pale chuma cha kukingama kinapokutana na muhimili. Magari yenye boksi la steringi lililofungwa kwenye chesisi, kama Land Cruiser 79, yana kipimo chake: mwambie mwenzako awashe injini na kuzungusha usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama, huku wewe ukitazama boksi hilo kutoka pembeni. Chesisi ikipumua kwenye bolti zake, ufa upo au unakuja.

Ukishauona, uliza ulitoka wapi, vinginevyo utarudi. Bodi ya dabokebini ina urefu wa mita 1.5 hivi, upana kama huo na kina cha sentimita 45, yaani karibu mita moja ya ujazo. Mchanga mkavu wa ujazo huo una tani 1.6, na ukilowa hupita hapo. Gari lenyewe limetengenezwa kubeba tani moja. Tangi la maji la lita 1,000 peke yake ni tani nzima, tena maji yanayoyumba. Dawa inayopendwa ni kuongeza majani ya springi. Springi haivunjiki tena, kweli, lakini nguvu iliyokuwa ikimalizikia kwenye springi sasa inapiga hanga na chesisi. Mbaya zaidi ni kuweka raba, mfuko wa hewa au kipande cha chuma kati ya ekseli na chesisi. Springi ya majani hupeleka mzigo kwenye ncha zake mbili. Kipande hicho huupeleka pointi moja, na chesisi hupinda hapohapo, juu au mbele kidogo ya ekseli. Ukiona majani ya ziada chini ya gari, rudi kwenye hatua ya 5 na uanze upya.

Hatua ya 6: mabomba ya breki

Chesisi ikiwa na kutu, mabomba ya chuma ya breki yanayopita juu yake yana kutu pia. Yafute kwa kitambaa. Yakiwa na vishimo au yamevimba, hesabu gharama ya kuyabadilisha yote. Usiyabane wala kuyapinda kujaribu, kama bado unataka kuendesha gari hilo kurudi.

Uamuzi

Kutu ya juujuu inayoondoka kwa brashi na kuacha chuma laini si sababu ya kukataa gari. Vishimo vidogo vinavumilika. Pima unene kwa kalipa kwenye ukingo wa chaneli iliyo wazi. Chesisi za pikapu nyingi zina unene kati ya milimita 2.5 na 4. Chuma kikibaki chini ya theluthi mbili ya unene wa sehemu isiyo na kutu ya chesisi hiyohiyo, panahitaji bamba jipya. Kutu ya magamba ndani ya boksi, hata bila tundu, ishushe kwenye bei kwa ukali.

Acha gari kabisa ikiwa kuna tundu la kutu karibu na hanga au kishikio cha sasipensheni, ikiwa ufa umevuka bapa lote na kuingia ubavuni, ikiwa mihimili yote miwili ina ufa mahali pamoja, au ikiwa kuna weldi, kusagwa au kutu nzito kwenye nambari ya chesisi. Kwenye Hilux nyingi nambari hiyo iko muhimili wa kulia, karibu na tairi la mbele. Nambari isiyosomeka itakusumbua kila utakapotaka kubadilisha umiliki, na hakuna punguzo la bei linalolipa usumbufu huo.

Kuchomelea ufa inavyotakiwa

Ufa mfupi kwenye muhimili usio na kutu unatengenezeka. Kazi mbaya ni ile ya dakika ishirini: kupitisha weldi juu ya ufa, kubandika kipande cha mraba, kumwagia maji kipoe. Itakatika pembeni mwa kipande hicho, mara nyingi ndani ya mwaka.

Shusha mzigo wote. Simamisha chesisi kwenye stendi mbele na nyuma ya ufa mpaka mwanya wa kebini na bodi urudi sawa na ufa ujifunge. Fungua waya wa hasi wa betri, chomoa soketi ya kompyuta ya injini na ya oltaneta. Toa tangi la mafuta likiwa karibu, sogeza mabomba ya breki na nyaya, angalia kama ndani ya boksi kuna nta au oili ya kuwaka, na uwe na kizimamoto mkononi.

Safisha sentimita 5 kila upande wa ufa hadi chuma king'ae. Tafuta ncha halisi ya ufa kwa mafuta ya taa na chaki, kisha toboa tundu la milimita 6 mbele kidogo ya ncha hiyo. Tundu huizuia ncha isiendelee kupasua. Kwa grainda, chimba ufa kwa umbo la V hadi theluthi mbili ya unene.

Rodi nzuri ya kuchomelea ni ya aina ya 7018, ya milimita 2.5, kwa ampea 70 hadi 100. Iwe kavu, iliyovuta unyevu ikaushwe kwenye oveni nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja. Mashine nyingi ndogo za AC za mtaani hukataa kuiwasha vizuri, kwa hiyo tafuta fundi mwenye mashine ya inveta au MIG (inayochomelea kwa waya na gesi). Chomelea vipande vya sentimita 3 hadi 4, acha vipoe vyenyewe. Maji hapana: chuma kinachopozwa ghafla huwa kigumu na chepesi kukatika pembeni mwa weldi. Mwisho saga weldi iwe sawa na uso wa chuma, ukisaga kufuata urefu wa muhimili, si kuukatiza.

Bamba la kuimarisha liwe na unene sawa na wa chesisi au pungufu kidogo. Mafundi wengi huweka la milimita 6 juu ya chesisi ya milimita 3 wakidhani wameongeza nguvu. Wameongeza ugumu mahali pamoja na kuhamishia ufa kwenye ncha ya bamba. Lipite ufa kwa angalau sentimita 15 kila upande, ncha zikatwe mshazari, pembe ziviringwe. Chomelea kingo ndefu na ncha za mshazari. Usipitishe weldi ya kukatiza bapa la juu wala la chini, na kaa milimita 20 mbali na kona ya mkunjo. Ukiweka bamba ndani na nje, ncha zao zisikutane mahali pamoja. Chesisi ya pikapu mpya yenye chuma cha nguvu kubwa isiguswe kabla ya kusoma maelekezo ya mtengenezaji.

Kuzuia kutu isirudi

Fungua matundu yote ya kutolea maji, suuza ndani ya boksi kwa maji baridi ya bomba mpaka yatoke safi, kisha acha siku mbili za jua. Kwaruza magamba. Paka dawa ya asidi ya fosforiki mahali palipobaki kutu iliyoshikana, fuata muda wa kopo, halafu praima ya epoksi au ya zinki. Chesisi ya pikapu ya kawaida ina eneo la mita za mraba 6 hadi 7 kwa nje, hivyo lita moja kwa kila mkono wa rangi inatosha: moja ya praima, mbili za rangi ya juu. Ndani ya boksi puliza nta ya matundu kwa bomba refu lenye pua inayotawanya pande zote, lita 2 hadi 3. Weldi huunguza nta, kwa hiyo nta huja mwisho.

Lami juu ya kutu ndiyo inayoua chesisi nyingi: hupasuka, maji huingia nyuma yake na hayatoki. Oili chafu husaidia kidogo, lakini hulainisha bushi za raba, hushika vumbi, na huficha nyufa. Gari la samaki lisuuzwe chini kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, ndani ya boksi pia.

Sehemu iliyochomelewa usiipake nyeusi. Ipake kijivu au nyeupe, na baada ya kilomita 500 za kwanza ukiwa na mzigo wa kawaida, lala chini tena na tochi, kaza bolti za hanga, utazame ncha za bamba. Ufa mpya kwenye rangi nyeupe huonekana kama mstari wa kahawia ukiwa bado na urefu wa milimita chache.